Deni lipi lilipwe kwanza: mikopo ya kaya yenye kipato kidogo

Deni la kaya hulipwa kwa fedha inayobaki baada ya chakula, kodi ya pango, nauli na mahitaji ya shule. Katika kaya yenye kipato kidogo fedha hiyo ama haipo, ama ipo lakini haiji siku inayotakiwa. Hapo ndipo ushauri unaotolewa redioni, kwenye nyumba za ibada, kwenye semina za wajasiriamali na kwenye makundi ya WhatsApp unapoanza kugongana. Mmoja anasema ulipwe kwanza mkopo wenye riba kubwa. Mwingine anasema uanzwe ule mdogo ili moyo upate nguvu. Wa tatu anashauri kukopa benki na kufuta yote kwa mpigo, na wa nne anashikilia kwamba mwenye deni hana sababu ya kuweka akiba hata shilingi. Kila ushauri una mantiki yake. Kasoro ni kwamba kila mmoja unafaa aina fulani ya mkopo na aina fulani ya kipato, na jambo hilo halitajwi na anayeutoa.

Nchi zinazoangaliwa hapa ni Tanzania na Kenya. Mikopo midogo ya huko imeongezeka haraka tangu ilipoingia kwenye simu ya mkononi, lakini sehemu kubwa ya ushauri unaosikika imetoka nchi zenye mikopo ya namna nyingine kabisa.

Chanzo cha madeni

Maelezo yanayopendwa sana ni kwamba watu wanakopa kwa sababu ya anasa au kukosa nidhamu. Wapo wa namna hiyo. Lakini chanzo kikubwa zaidi kiko kwenye kalenda. Kipato cha mama lishe, bodaboda, fundi au kibarua huingia kidogo kidogo kila siku, na matumizi makubwa huja kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mara moja. Januari huja na sare, madaftari na michango ya shule hata pale ambapo ada imefutwa, tena baada tu ya matumizi ya sikukuu. Wakenya wameubatiza mwezi huo Njaanuari. Msiba na ugonjwa havipigi hodi. Kaya inaweza kupata kwa mwaka fedha ya kutosha matumizi yake yote na bado ikakopa mara tano, kwa kuwa fedha na matumizi havikutani.

Chanzo cha pili ni wepesi wa kupata mkopo. M-Shwari ilizinduliwa Kenya Novemba 2012, M-Pawa ikaingia Tanzania 2014, KCB M-Pesa 2015, na Fuliza ikaanza Januari 2019. Zikafuata programu za simu zinazokopesha kwa dakika chache bila dhamana. Zamani mwenye shida ya shilingi elfu hamsini alilazimika kumwendea ndugu, jirani au mwenye duka na kueleza. Aibu ya kueleza ilikuwa kero, lakini pia ilikuwa breki. Mkopo wa simu umeiondoa aibu hiyo mwanzoni na kuirudisha mwishoni, pale mkopeshaji anapoanza kuwapigia simu watu waliomo kwenye orodha ya namba za mdaiwa.

Mitaani Tanzania kuna mkopo unaoitwa kausha damu, wa marejesho ya kila siku au kila wiki, ambao dhamana yake ni runinga, friji, makochi au kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Kuna vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, upatu na SACCOS. Upande wa Kenya kuna chama, Sacco na shailoki, yaani mkopeshaji binafsi wa riba kubwa. Kaya moja hubeba aina tatu au nne kwa wakati mmoja, tena mara nyingi zikiwa katika mifuko miwili tofauti. Mume ana mkopo wa mshahara, mke ana VICOBA, na kila mmoja anajua nusu tu ya hesabu. Mpango wowote wa kulipa unaopuuza nusu ya pili hauwezi kudumu.

Namna riba inavyohesabiwa

Kabla ya kuuliza deni lipi lilipwe kwanza, inafaa kujua ni deni lipi linaendelea kukua. Mengi ya madeni ya kaya hayakui kama watu wanavyodhani, na sehemu hii ndiyo inayorukwa na washauri wengi.

Aina ya kwanza ni mkopo wenye riba inayopungua kadiri deni linavyopungua. Mikopo mingi ya benki na ya Sacco iko hivi. Asilimia 1 kwa mwezi ya kiasi kilichobaki ni kiwango cha kawaida katika Sacco nyingi za Kenya. Kila shilingi ya ziada inayolipwa mapema huokoa riba ya miezi iliyobaki.

Aina ya pili ni riba iliyofungwa siku ya kukopa. Mkopo wa VICOBA wa shilingi 600,000 kwa miezi mitatu na riba ya asilimia 10 una riba ya 60,000, ulipwe leo au ulipwe siku ya mwisho. M-Shwari ilianza na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, na aliyelipa siku ya tatu alilipa ada ileile ya aliyelipa siku ya thelathini. Kwa mikopo ya namna hii kulipa mapema hakuokoi chochote. Gharama ilishaingia mkopo ulipopokelewa, na njia ya kuipunguza ni kutokopa tena baada ya kumaliza.

Tofauti kati ya aina hizi mbili ni kubwa hata namba ya riba inapofanana. Mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, unaleta riba ya 42,000 kila mwezi na jumla ya 504,000. Riba hiyohiyo ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, rejesho la mwezi linakuwa kama 124,200 na riba yote ni kama 290,000. Zaidi ya laki mbili zinategemea sentensi moja kwenye mkataba, sentensi ambayo mkopaji mwenye haraka hasomewi. Kiwango cha asilimia 3.5 kwa mwezi kina umuhimu wa pekee Tanzania, kwa kuwa ndicho Benki Kuu ilichoweka kuwa ukomo kwa taasisi za daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018.

Aina ya tatu ni deni linalotozwa kwa siku. Fuliza ya Kenya na Songesha ya Tanzania hukamilisha muamala pale salio linapopungua, kisha zinatoza ada kadiri siku zinavyopita. Deni la aina hii ni dogo kwa sura, ila likiachwa wiki mbili ada yake hukaribia au hupita faida ya bidhaa iliyonunuliwa kwa fedha hiyo. Zaidi ya hapo, mkopaji hachagui siku ya kulipa: fedha yoyote inayoingia kwenye simu hukatwa kwanza. Muuza mboga aliyelipwa kwa simu hugundua kwamba mtaji wa kesho umelipa deni la juzi.

Kausha damu huchanganya aina ya pili na faini za kuchelewa, na hesabu yake hufichwa na udogo wa rejesho. Chukulia mkopo wa shilingi 200,000 unaokatwa 20,000 ya fomu papo hapo, kisha unarejeshwa 8,000 kila siku kwa siku 30. Mkopaji amepokea 180,000 na atarejesha 240,000. Mkopeshaji ataiita riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Lakini mkopaji hakai na 180,000 mwezi mzima, kwa kuwa anaanza kuirudisha kesho yake. Ukihesabu juu ya fedha iliyoko mikononi mwake kweli, gharama inakaribia asilimia 2 kwa kila siku moja. Ni biashara chache sana za mtaani zenye faida ya kulibeba rejesho hilo, ndiyo maana mara nyingi hulipwa kwa mkopo mwingine wa aina hiyohiyo.

Liko pia deni lisilo na riba, la duka la mtaa, la ndugu, la ada ya shule au la mwenye nyumba. Kwa hesabu ya riba deni hili ni la mwisho kulipwa, lakini hesabu hiyo ni fupi mno. Mwenye duka asipolipwa hatoi tena unga na sukari kwa mkopo tarehe 20, na kaya iliyokuwa ikila kwa mkopo usio na riba inalazimika kwenda kwa mwenye riba.

Riba kubwa au deni dogo

Mgongano unaojulikana zaidi ni kati ya wanaotaka riba kubwa ilipwe kwanza na wanaotaka deni dogo limalizwe kwanza. Utaratibu wa riba kubwa una hisabati upande wake. Kaya ikiwa na kiasi fulani cha ziada kila mwezi, kukielekeza kwenye deni ghali kuliko yote kunapunguza jumla itakayolipwa, na hakuna utaratibu mwingine unaoweza kuushinda kwa shilingi. Utaratibu wa deni dogo, uliotangazwa sana Marekani na Dave Ramsey, unakubali kupoteza kidogo kwa riba ili mlipaji aone deni moja likifutika mapema na kupata ari ya kuendelea.

Watafiti wameupima mvutano huu. Mwaka 2011 Moty Amar na wenzake, akiwemo Dan Ariely, walionyesha kwamba watu wanaopewa madeni kadhaa ya majaribio huvutwa kufuta madogo ili idadi ipungue, hata wanapopoteza fedha kwa kufanya hivyo. Waliliona hilo kuwa kosa. Mwaka uliofuata David Gal na Blakeley McShane walichunguza kumbukumbu za watu waliokuwa kwenye mpango halisi wa kumaliza madeni, wakakuta kwamba kufunga akaunti moja moja kunatabiri nani atafika mwisho, hata bila kujali ukubwa wa akaunti zilizofungwa. Matokeo haya hayapingani kama yanavyosemwa. Ya kwanza yanapima gharama, ya pili yanapima nani anakata tamaa. Mpango bora kwa hesabu ambao umeachwa mwezi wa tatu ni ghali kuliko mpango wenye kasoro uliofika mwisho.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ubishi huu haiwahusu wakopaji wa Temeke, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi. Pande zote mbili zinachukulia kwamba riba inapungua deni linapopungua, kwamba mlipaji ndiye anayechagua alipe wapi, na kwamba kuna ziada ya kuelekeza. Riba ikiwa imefungwa, kanuni ya riba kubwa haina cha kuokoa. Kadi ya benki ikiwa kwa mkopeshaji, au Fuliza ikijikata yenyewe, mlipaji hana uchaguzi. Mtumishi wa Tanzania mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla haujafika mkononi, awe ameupanga wa kwanza au wa mwisho.

Swali linalofaa zaidi kwa kaya hizi lina sehemu mbili: deni lipi linaongezeka kesho lisipolipwa leo, na mkopeshaji gani anaweza kuchukua kitu ambacho kaya haiwezi kuishi bila hicho. Ada za siku na faini huingia kwenye sehemu ya kwanza. Kwenye sehemu ya pili kuna pikipiki ya kazi, cherehani, nyumba ya kupanga, na pia akiba za wadhamini. Katika Sacco, mkopaji anaposhindwa, deni huhamia kwenye akiba za waliomdhamini, na madhara ya hapo si ya fedha tu, maana ukoo na ofisi nzima huingia kwenye ugomvi. Ukipanga madeni kwa njia hii, Fuliza ya shilingi mia nane inaweza kutangulia mkopo wa benki wa laki tano, na deni la duka likatangulia VICOBA ambayo muda wake bado.

Kuhamisha madeni yote mahali pamoja

Ushauri wa tatu ni kuchukua mkopo mmoja wa bei nafuu na kufuta yale ghali. Benki hutangaza huduma ya kununua madeni kutoka taasisi nyingine, na Sacco hufanya jambo hilohilo bila kulitangaza. Kwa namba, nguvu ya njia hii haina mpinzani. Kwa mkopaji ambaye angechukua tena kausha damu kila inapoisha, kutoka karibu asilimia 2 kwa siku kwenda asilimia 1 kwa mwezi ni kuokoa sehemu kubwa ya gharama. Hustler Fund ya Kenya, iliyozinduliwa 30 Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nayo ni nafuu mno kuliko programu za simu, ingawa mkopo wake binafsi ni mdogo na muda wake wa siku 14 haufanani na deni la kudumu.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza ni muda. Mwalimu aliyebakiza miaka miwili ya marejesho akinunuliwa deni na benki nyingine kwa miaka saba, rejesho la mwezi linashuka na jumla ya riba inapanda. Ahueni ya sasa inalipiwa na mshahara wa baadaye. Na akiongezewa fedha taslimu juu yake, kama ilivyo desturi, ameongeza deni kwa jina la kulipunguza. Pili, mkopo ghali uliofutwa huacha mlango wazi. Kiwango cha mkopaji kwenye simu hupanda baada ya kulipa vizuri, na kilichosababisha mkopo wa kwanza bado hakijaondoka.

Wanaokwepa riba kwa sababu ya dini wana njia ya murabaha, yaani benki kununua bidhaa na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida, katika benki kama Amana iliyoanza Tanzania 2011, au Gulf African iliyoanza Kenya 2008. Bei hukubaliwa mwanzoni na haiongezeki. Lakini murabaha hununua bidhaa, haitoi fedha, kwa hiyo inasaidia zaidi kuzuia deni jipya la riba kuliko kufuta la zamani.

Akiba ya mwenye deni

Je, kaya yenye deni ghali iweke akiba? Hesabu ya kawaida inakataa: hakuna akiba inayozaa asilimia 2 kwa siku, hivyo kila shilingi iliyolala ni hasara. Hoja hii ina nguvu, na kwa mwenye mshahara wa uhakika na bima ya afya inakaribia kuwa neno la mwisho.

Ushahidi wa kuitilia shaka ulitoka mbali na Afrika. Dean Karlan, Sendhil Mullainathan na Benjamin Roth waliwalipia wachuuzi wa masokoni India na Ufilipino madeni yao yote ya wakopeshaji wa riba kubwa, wakachapisha matokeo 2019. Wengi walirudi kwenye deni ndani ya wiki sita, na baada ya mwaka mmoja hadi miwili walikuwa wanakopa sawa na wale ambao hawakulipiwa. Riba ilikuwa imeondolewa kabisa, na kwa hesabu ya kawaida wachuuzi hao walipaswa kubaki huru. Kinachofanana hapo na wachuuzi wa Kariakoo au Gikomba ni kwamba mtaji na pesa ya chakula hukaa mfuko mmoja. Siku ya mvua au homa ya mtoto huula mtaji, na asubuhi yake kuna mahali pamoja tu pa kupata mwingine.

Ndiyo maana kiasi kidogo kinachowekwa kando, hata cha kutosha siku tatu za mtaji au safari moja ya hospitali, kina thamani isiyoonekana kwenye jedwali la riba. Kazi yake ni kuzuia mkopo ujao usichukuliwe, na kwa mkopo wa riba iliyofungwa, hapo ndipo gharama yote ilipo. Gharama ya kuweka akiba hiyo nayo ni ya kweli: deni la sasa litachukua muda mrefu zaidi, na fedha iliyo karibu huombwa na ndugu na watoto. Akiba ya VICOBA ina faida kwenye jambo hili la pili, kwa kuwa hisa haziwezi kuchukuliwa hovyo katikati ya mzunguko. Sehemu ya riba anayolipa mwanachama pia humrudia kwenye gawio la mwisho wa mwaka, jambo ambalo haliwezekani kwa kausha damu.

Kuna gharama nyingine ya kulipa kwa kasi isiyotajwa sana. Kaya iliyobanwa na marejesho hununua kwa kipimo: mafuta ya kula ya shilingi mia tano, mkaa wa kopo badala ya gunia, unga wa robo. Bei ya kipimo ikijumlishwa kwa mwezi ni kubwa kuliko ya jumla. Kaya inayojikamua kulipa deni la riba nafuu mapema inaweza kuwa inalipa zaidi dukani kuliko inachookoa kwa mkopeshaji.

Mkopeshaji, mkulima na sheria

Kuomba muda ni njia iliyodharauliwa kwa sababu inafanana na kushindwa. Mkopeshaji wa halali ana sababu za kukubali: rejesho dogo la uhakika ni bora kuliko gharama za dalali na mahakama. Yanayoweza kuombwa ni mengi kuliko muda peke yake. Rejesho la kila siku linaweza kugeuzwa kuwa la wiki kulingana na siku ya gulio, faini ikasimamishwa, au malipo yakahesabiwa kwenye mtaji kabla ya riba. Mafundisho ya Uislamu yanamtaka mdai ampe nafasi mdaiwa aliyekwama, na wenye madeni ni kundi mojawapo kati ya manane yanayostahili zaka. Kwa Waislamu wa Zanzibar na Mombasa hiyo ni njia halisi, hata kama wengi huona haya kuitumia. Anayeomba kabla ya tarehe kupita husikilizwa tofauti na anayezima simu. Mwenye kushikilia kadi ya benki ya mdaiwa, kwa upande wake, hana sababu ya kukubali lolote, kwani hujilipa mwenyewe siku ya mshahara.

Mkulima ana tatizo lake. Fedha yake huja mara moja au mbili kwa mwaka, na anayemkopesha katikati ya msimu mara nyingi hulipwa kwa mazao. Kagera, kuuza kahawa ikiwa bado mtini huitwa butura. Tofauti kati ya bei aliyopewa na bei ya msimu ndiyo riba, na hufika nusu ya mavuno bila neno riba kutamkwa. Kwake yeye, kulipa kila mwezi ni ushauri usio na maana. Kinachomfaa ni mkopo wa chama cha ushirika au kikundi unaoiva baada ya mavuno, na nafasi ya kuhifadhi mazao wiki kadhaa hadi bei ipande.

Sheria humlinda mdaiwa zaidi kuliko anavyoelezwa na wanaomdai. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, na watumishi wa Tanzania wanaijua kanuni hiyohiyo kwa jina la theluthi moja, yaani kile kinachopaswa kubaki. Nyumba ya familia haiwekwi rehani Tanzania bila ridhaa ya mwenza, kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999. Sheria za mwenendo wa madai za nchi zote mbili zinaviacha nje ya ukamataji vyombo vya kupikia, mavazi ya lazima, matandiko na zana za kazi za fundi, hata mahakama inapokuwa imeshatoa hukumu. Wanakikundi wanaoingia ndani na kutoka na godoro na sufuria wanafanya jambo ambalo hata dalali wa mahakama hangeruhusiwa kulifanya. Kenya ilipiga marufuku kwa kanuni za 2022 vitisho, matusi na kuwapigia watu wa kwenye orodha ya namba za mdaiwa, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kukosa leseni hakufuti fedha iliyopokelewa, ila kunampunguzia mkopeshaji nguvu ya kudai riba na faini anazotaka.

Udhaifu wa sheria ni utekelezaji. Mkopaji anayehitaji kikundi hichohicho mwezi ujao hawezi kukishitaki kwa ajili ya kochi.

Uzito wa kila njia

Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, kanuni ya riba kubwa inashinda, mradi mikopo yake iwe ya riba inayopungua. Kuhamisha madeni kunamfaa ikiwa muda wa mkopo mpya hauzidi ule uliobaki kwenye mikopo ya zamani, na ikiwa hachukui taslimu juu yake. Akiba yake inaweza kuwa ndogo sana.

Kwa mwenye kipato cha siku mpangilio unageuka. Madeni yanayotozwa kwa siku ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ni madogo na ndiyo pekee yanayopungua gharama kwa kulipwa leo. Hapo watu wa deni dogo na watu wa riba kubwa wanajikuta wanasema jambo moja. Kausha damu iliyokwisha kuchukuliwa ilipwe kwa ratiba yake ili kukwepa faini, bila kuikimbiza, na fedha ambayo ingeikimbiza iwekwe kando ili mkopo wa pili usichukuliwe siku wa kwanza unapoisha. Siku hiyo ndiyo hatari kuliko zote, maana mkopeshaji huwa amekaa na fedha mkononi, na mara nyingi ameongeza kiwango. Deni la duka na kodi ya pango hulindwa hata bila riba. VICOBA hulipwa kwa tarehe yake, si kabla.

Ipo kaya ambayo kipato chake hakitoshi chakula na marejesho kwa mpangilio wowote ule. Kwake mjadala wa utaratibu hauna msaada, na kinachobaki ni kuuza mali isiyozalisha, kuhamia pango nafuu au kutafuta nafuu ya kisheria. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 ina taratibu mbili zilizotungwa kwa ajili ya wadaiwa wadogo: moja inaruhusu kulipa kwa awamu chini ya usimamizi, na nyingine ni kwa asiye na mali, mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 4,000,000 za Kenya, ambayo mtu huipata mara moja tu maishani. Masharti yake ni magumu na inaacha doa kwenye rekodi ya mikopo kwa miaka kadhaa. Kwa mtu ambaye tayari hakopesheki popote isipokuwa kwa shailoki, doa hilo ni gharama ndogo kuliko rejesho la kesho asubuhi.